Taa nyeusi za nyuma na neno KUCHELE kwenye buti

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST nyeupe, ile ya kizazi cha kwanza. Naishi Chikongola hapa Mtwara mjini na biashara yangu iko Newala, kwa hiyo mara nyingi narudi usiku. Nataka taa za nyuma ziwe nyeusi za moshi kama ninazoziona mtandaoni, nitoe nembo zote za nyuma, halafu niandike KUCHELE kwa herufi kubwa kwenye buti. Kazi nataka niifanye mwenyewe nyumbani. Rafiki mmoja anasema ninunue spreyi nyeusi nipulize mara moja tu, mwingine anasema stika, wa tatu anasema taa zifunguliwe zipakwe rangi kwa ndani. Nimsikilize nani? Na trafiki je?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kazi mbili ndani ya swali moja, na hazilingani uzito. Herufi ukizikosea utazibandua uanze upya, hasara ni stika na jioni yako. Taa ukizikosea, anayegundua ni dereva aliye nyuma yako, tena amechelewa. Kwa hiyo kwenye herufi nitakuachia ujimwage, kwenye taa nitakubana.

Nianze na rafiki wa spreyi, maana ushauri wake ndio usiorudi nyuma. Hicho tunachokiita kioo cha taa ya nyuma ni plastiki, mara nyingi akriliki. Akriliki inang'aa vizuri na inavumilia jua, ila haipatani na petroli, tina ya kuyeyushia rangi, wala spiriti ya duka la dawa. Ikiguswa navyo, hasa sehemu zenye mkazo karibu na skrubu, hupasuka vipasuko vyembamba mithili ya tope lililokauka, na vipasuko hivyo havifutiki. Spreyi ya kawaida ya dukani imebebwa na tina za aina hiyohiyo. Isitoshe, rangi hiyo imetengenezwa ili ifunike. Ukipuliza mara moja tu unapata wingu: hapa jeusi, pale jekundu, taa ya kushoto nzito kuliko ya kulia. Mchana unaweza usione. Usiku ukiwasha, kila mpito wa mkono wako unaonekana.

Ziko spreyi maalumu za taa, nyeusi lakini zinapitisha mwanga. Hizo ni afadhali, ila zinataka taa isuguliwe kwa msasa laini wa maji, ipulizwe matabaka membamba, kisha ifunikwe klia, ile rangi angavu ya kulinda. Ukizichoka unasugua tena hadi plastiki na kupiga polishi. Uani kwako Chikongola, kusi likianza kuvuma na mchanga wake, klia itabeba vumbi kabla haijakauka, na unyevu wa pwani hupenda kuiachia utando mweupe. Mimi spreyi naifuta.

Stika ya moshi ina sifa moja kubwa: inabanduka. Lakini kabla hujanunua, piga nami hesabu.

Glopu ya nyuma ya gari kama lako ina nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 kwa taa ndogo na mwingine wa wati 21 kwa breki. Kwa mwanga, uzi mdogo hutoa takriban lumeni 35 na mkubwa takriban 440, yaani zaidi ya mara 12. Ule mruko wa ghafla kutoka hafifu kwenda kali ndio unaomwambia mtu wa nyuma kwamba umekanyaga breki. Kanuni Namba 7 ya Umoja wa Mataifa, iliyofuatwa Ulaya na kwingineko wakati gari lako linatengenezwa, ilitaka taa ndogo ya nyuma isipungue kandela 4 (kipimo cha ukali wa mwanga) na ya breki isipungue 60 ukiitazama moja kwa moja kutoka nyuma. Kiwandani huacha akiba juu ya hapo. Sasa IST ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Plastiki yake imekula jua miaka mingi, ung'avu wa ndani umefifia, soketi nazo zina kutu kidogo. Akiba ile imeshaliwa. Ukibandika stika inayopitisha asilimia 50 ya mwanga, unagawa kwa mbili kitu ambacho umri umeshakigawa.

Hiyo ni taa inayowaka yenyewe. Reflekta, kile kipande kinachorudisha mwanga wa gari jingine, ina hesabu mbaya zaidi, na hili hata mafundi stika wengi hawalisemi. Mwanga wa gari la nyuma unapita kwenye stika ukiingia, unagonga reflekta, unapita tena kwenye stika ileile ukitoka. Stika ya asilimia 50 inakuachia robo. Ya 35 inakuachia kama 12 katika 100. Ya 20, ile nyeusi inayopendeza kwenye picha, inakuachia 4. Na reflekta inahitajika siku moja hasa: siku gari limezimika, betri imekufa, umelisukuma pembeni kati ya Naliendele na Tandahimba saa nne usiku, msimu wa korosho, na Fuso zilizojaa magunia zinapishana. Siku hiyo huna taa nyingine. Hapo sijataja ukungu wa Newala, unaoujua kuliko mimi.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu taa ni hili: weusi uweke pale ambapo mwanga haupiti, na penye mwanga paache pekundu. Si kwamba nakunyima mtindo. Taa iliyozungushiwa fremu nyeusi, jicho jekundu limebaki safi katikati, inapendeza kuliko taa iliyopakwa giza lote, ambayo kwa mbali huonekana imeungua tu. Hayo ya mwisho ni macho yangu, unaweza kunikatalia.

Kuipata fremu hiyo unahitaji kujua taa yako inatoa mwanga wapi hasa, na huwezi kujua kwa kuitazama mchana. Subiri giza. Vuta breki ya mkono, swichi iwe imewashwa bila injini kunguruma, washa taa ndogo. Umpate mtu wa kukanyaga breki, kuwasha indiketa upande mmoja baada ya mwingine, kisha kuweka rivasi mguu ukiwa bado kwenye breki. Wewe uko nyuma na tepu ya karatasi na kalamu. Bandika tepu kufuata mpaka wa kila sehemu inayowaka, halafu chukua tochi ya simu, iweke karibu na jicho lako, mulika, utaiona reflekta ilipojificha. Nayo izungushie mpaka. Usichore ukiwa umesimama katikati tu. Taa ya nyuma inatakiwa ionekane pia na anayetokea ubavuni, ndiyo maana imepinda kuzunguka kona ya gari. Nenda pembeni kabisa upande wa kulia, tazama tena, sogeza tepu, kisha kushoto. Kinachobaki nje ya tepu, ukipunguza nusu sentimita zaidi kwa usalama, ndicho chako. Hakitakuwa kingi, lakini kingo za juu, za chini na vile vibao visivyowaka katikati ya taa vinatosha kubadilisha sura.

Hamishia mchoro kwenye karatasi kwa kuilaza juu ya taa na kusugua kwa penseli, kisha geuza karatasi hiyohiyo kwa taa ya upande wa pili. Kwa sehemu hizo huna haja ya stika ya moshi. Tumia nyeusi kamili inayong'aa, maana hapo hakuna mwanga wa kuulinda.

Kubandika ni rahisi taa ikiwa mezani. Kwenye Toyota nyingi ndogo za milango mitano ukifungua buti utaona skrubu mbili pembeni mwa taa. Zifungue, kisha vuta taa moja kwa moja kuelekea nyuma, usiipindishe, maana upande wa nje imeshikwa na pini za plastiki. Ioshe kwa sabuni ya maji na maji mengi, si kwa spiriti, nimeshakueleza kwa nini. Matone machache ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, lowesha taa, lowesha gundi, laza stika, isogeze mpaka ikae, kisha kamua maji kwa kadi ya zamani ya benki iliyovishwa kitambaa, kuanzia katikati kwenda nje. Penye mviringo pasha joto kidogo kwa draya ya nywele, vuta taratibu, acha ipoe ukiwa umeishika. Kabla ya kuirudisha taa, angalia soketi. Ukikuta ukijani wa shaba, na kwa magari ya Mtwara utaukuta, sugua kwa msasa laini. Dakika kumi hizo zitakuongezea mwanga kuliko kitu chochote cha kununua. Kama gari hubeba salfa ya mikorosho, futa unga wote ndani ya kile kibweta cha taa. Ukichanganyika na unyevu hula shaba.

Ile taa ya breki ya juu, kwenye mlango wa buti, usiiguse hata kidogo. Marekani waliilazimisha kwa magari mapya ya abiria kuanzia ya mwaka 1986 kwa sababu iko usawa wa macho ya dereva wa nyuma. Hiyo ni akiba yako.

Sasa rafiki wa tatu, wa kufungua taa. Kwa mtindo yeye ndiye aliyekaribia ukweli. Mtindo huu wa taa za urembo ulipata nguvu duniani baada ya Toyota Altezza kutoka mwaka 1998: plastiki ya nje nyeupe angavu, ndani fedha inayometa, na vioo vyekundu vya mviringo vikionekana kwa kina. Watu wakaanza kuziita taa za aina hiyo kwa jina la gari lenyewe hata zikiwa kwenye magari mengine. Angalia walichofanya kiwandani: hawakuitia taa giza, waliipanga upya kwa ndani. Ila wewe huna kiwanda. Zile video za mtu anayeingiza taa kwenye oveni ikafunguka ni za taa za mbele, ambazo nyingi zimefungwa kwa gundi inayolainika kwa joto. Taa nyingi za nyuma zimechomelewa plastiki kwa plastiki. Oveni itazipinda, haitazifungua. Itabidi ukate kwa msumeno, na baada ya hapo urudishe kwa silikoni ukiomba Mungu. Mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, maji yataingia. Na hewa ya bahari ikishaingia na maji, chumvi inabaki. Wengine huziba kila tundu kwa silikoni, hata yale matundu madogo ya kupumulia yaliyowekwa makusudi, basi mvuke unakosa pa kutokea na taa inakuwa na jasho mwaka mzima.

Ukitaka kweli sura ya moshi yote, nunua taa nzima iliyotengenezwa hivyo. Itafute ile alama ya E ndani ya duara yenye namba pembeni, iliyofinyangwa kwenye plastiki yenyewe, si stika. Namba ni ya nchi iliyoidhinisha: E1 Ujerumani, E4 Uholanzi, E43 Japani. Isiyo na alama yoyote iache dukani, muuzaji aseme atakavyosema.

LED kwa ufupi, maana najua utaniuliza. Nyuma ya plastiki nyekundu weka LED nyekundu, si nyeupe. Nyeupe hupoteza sehemu kubwa ya mwanga wake pale. Hakikisha tofauti ya taa ndogo na breki inaonekana waziwazi, kwa sababu za bei rahisi huwaka karibu sawa. Ukiweka kwenye indiketa zitapepesa haraka, kwani mfumo unadhani glopu imeungua. Faida yake ipo: LED huwaka mara moja, wakati uzi wa glopu huchukua karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia ukali wake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni zaidi ya mita nne.

Tuje kwenye raha sasa. Nembo za zamani.

Kabla ya kuzing'oa fungua buti, toa kava la ndani uangalie kama nembo zimeshikwa na gundi tu au zina pini zilizopenya bati. Zenye gundi tu, jua la saa saba la Mtwara linatosha kuilainisha bila draya. Chukua mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni usio mnene, jizungushie vidoleni kwa kitambaa, upitishe nyuma ya nembo, vuta huku na huku ukishuka. Usitumie bisibisi wala kisu. Rangi ya ukingoni ikichubuka, kutu ya pwani haingoji mwaka. Gundi iliyobaki isukume kwa dole gumba ikunjamane, inayogoma ipake mafuta ya kula uiache kidogo, kisha sabuni. Hapo juu ya rangi ya gari spiriti kidogo inaruhusika kumaliza ulaini, kwa sababu unataka bati lisilo na mafuta kabisa. Kama kuna matundu ya pini, yazibe kwa vizibo vya mpira au silikoni kabla hujafikiria herufi. Kwa gari jeupe kivuli cha nembo ya zamani hakionekani sana, polishi itakimaliza.

Kwa fundi stika, usiombe tu "stika nyeusi". Kuna aina mbili. Moja ni nene, ya bei nafuu, na kwa jua letu husinyaa: baada ya muda unaona mstari wa gundi chafu kuzunguka kila herufi. Nyingine ni nyembamba zaidi, laini, inakaa kwenye mipindo bila kuvutika kurudi. Gari lako lina mkunjo kwenye buti, kwa hiyo lipia hiyo ya pili. Rangi, juu ya nyeupe ningeenda na nyeusi isiyong'aa au nyekundu nzito. Ukitaka inayorudisha mwanga usiku, chagua nyekundu. Nyeupe inayometa ni ya mbele ya gari, nyuma inamchanganya mtu.

Neno lako ni zuri kwa macho, ila lina mitego miwili. KUCHELE ina herufi saba na H ndiyo ya nne, kwa hiyo utashawishika kuiweka H katikati kabisa ya buti. Usifanye hivyo. K, U na C ni pana. E, L na E ni nyembamba. Ukiiweka H katikati, neno zima litaonekana limesogea kushoto. Pima upana wa neno zima, gawa kwa mbili, hapo ndipo katikati. Mtego wa pili ni L na E ya mwisho. L imeacha uwazi juu ya mguu wake, hivyo ukipanga nafasi sawa kwa rula, E itaonekana imeachwa nyuma na wenzake. Isogeze kidogo kushoto mpaka jicho litulie. Kabla ya kukata chochote, chapisha neno kwenye karatasi, libandike kwa tepu, rudi hatua ishirini, mwite na jirani. Watu wengi wakifika hapo hupunguza ukubwa. Herufi zinazogusa kingo za mlango zinalifanya gari dogo lionekane dogo zaidi.

Siku ya kubandika, fanya asubuhi mapema au kivulini. Bati likiwa la moto gundi inashika papo hapo na hupati nafasi ya pili. Pitisha tepu ya karatasi chini ya mahali herufi zitakapokaa, iwe mstari wako. Upime kutoka ukingo wa buti, si kutoka bampa, kwani bampa huenda ilishawahi kugongwa ikarudishwa imepinda. Neno lote likiwa bado kwenye karatasi yake ya kuhamishia, lishike kwa tepu moja wima katikati. Kunja upande wa kulia, bandua karatasi ya nyuma hadi katikati, kata, laza huku ukikamua kwa kadi. Kisha toa tepu, fanya kushoto. Karatasi ya juu ivute ikiwa imelala karibu na bati, usiivute kuja kwako, herufi zitanyanyuka. Kipovu kikibaki kitoboe kwa sindano. Siku mbili usiupeleke mkondo wa maji wa mashine kwenye kingo.

Trafiki. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mwenye gari alitembeze likiwa na taa zinazofanya kazi yake, na askari haangalii mtindo, anaangalia kama zinaonekana. Faini ya papo kwa hapo ipo, lakini mimi nisingehesabu faini: ukigongwa kwa nyuma, kitu cha kwanza kupigwa picha ni taa zako. Fremu niliyokueleza haina cha kujificha. Herufi kwenye buti hazina shida mradi hazigusi namba ya gari wala taa. Rangi ya gari iliyoandikwa kwenye kadi hujaibadilisha, kwa hiyo TRA, Mamlaka ya Mapato, haikuhusu kwa kazi hii. Siku ukilibadili rangi bodi zima, hapo itakuhusu.

Ukimaliza, mpe mtu usukani saa kumi na moja jioni jua likiwa nyuma ya gari linapiga taa moja kwa moja. Simama mita 30, mwambie akanyage breki bila kukutajia lini. Kama ulilazimika kukisia hata mara moja, bandua sehemu, rudia.

Na ukienda kukata herufi, mwambie fundi akutolee E mbili na L moja za akiba kwenye kipande hichohicho cha stika. Za mwisho upande wa kulia ndizo zinazosuguliwa na mikono ya wanaofunga buti, na stika ya mkupuo mwingine haitafanana rangi.